Mbao za Mlango wa Jiko

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani na wa sasa, kabla hatujaanza familia inaomba radhi kwa kamati ya shule kuhusu zile mbao. Jambo lenyewe litafika mahali pake, tunaomba mvumilie, kwa sababu marehemu alifundisha hesabu na hakupenda mtu arukie jibu bila kuonyesha njia.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mwalimu Sufuria, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi reli na mfua nguo, na mdogo wake anayewasomea karatasi hii ndiye kitinda mimba. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, heshima tele, na chakula cha jioni tu. Asubuhi mama alitoa kichupa cha mafuta ya kupikia, kila mtoto akachovya kidole, akajipaka midomoni, ili akifika shuleni aonekane ametoka mezani. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi, zetu sisi zilionekana kwa midomo kung'aa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964 katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana, akafaulu na kujiunga na sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1971, na barua yake ya kwanza nyumbani haikuwa na neno hata moja la masomo, ilisema tu kwamba huku watu wanakula asubuhi, kila siku, hata Jumapili. Mama aliisoma, akaikunja, akatoka uani, hatukujua wakati ule kwamba analia. Mwaka 1975 na 1976 alikuwa chuo cha ualimu.

Tarehe 10 Januari 1977 aliajiriwa katika shule hii ya umma ya mtaani kwetu, akaitumikia miaka arobaini hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2017. Alikuwa mkali wa saa kuliko saa yenyewe. Aliandika barua kumi na tisa kwa ofisi ya elimu, akitaka shule zote za umma zilazimishwe kutoa kifungua kinywa, si kwa hisani ya mtu mwema anayekuja na mpiga picha, bali kwa sheria, wenzake wakamcheka, wakambandika jina la Mwalimu Sufuria, naye akalipokea kama cheo. Agizo lilipotoka Januari 2010, alijifungia chooni akalia, hilo alitusimulia mwenyewe.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, mtu wa maneno machache, aliyemchumbia kwa kutengeneza madawati ya darasa lake bila kuombwa. Walijaliwa watoto wanne na wajukuu sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nyumba ile asubuhi bila kukaguliwa midomo.

Sasa kuna jambo ambalo marehemu alituagiza tusiliruke. Agizo lilisema kila mtoto apate uji, halikusema saa ngapi, na saa aliipanga yeye. Jiko lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu, kengele ya saa moja ikilia mlango ulifungwa kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, ili wachelewaji wajifunze. Kuanzia Jumatatu tarehe 16 Mei 2011, binti wa mponda kokoto, wa darasa la nne, aliyetembea kutoka machimboni, alikuwa akifika kengele imeshalia, na mwalimu alipomuuliza, mtoto alijibu, "Nimeshakula nyumbani, mwalimu," midomo ikimng'aa. Dada yetu, katika walimu wote, aliiona midomo ile akaiamini, kwa kuwa kengele ilikuwa imelia. Tarehe 31 Mei mtoto alianguka langoni, tarehe 3 Juni akafariki, daktari akaandika malaria, na daktari hakukosea, lakini dada hakukubali kamwe kwamba malaria ilifanya kazi ile peke yake.

Siku ya maziko ya mtoto alimpeleka mumewe shuleni, akamwonyesha mlango wa jiko, akasema, "Baba watoto, ung'oe." Shemeji aliung'oa, bawaba na vyote. Tangu hapo jiko halina mlango, aliyefika saa moja au saa tatu alipata kikombe chake, na hata baada ya kustaafu dada alikwenda kila asubuhi kukaa kizingitini. Sukari iliibiwa mara mbili, na mwiko mmoja, hatufichi. Mama wa mtoto yule amekaa hapa pamoja na familia, yeye alisamehe zamani, dada ndiye hakujisamehe.

Novemba 2024 alianza kushindwa kumeza, vipimo vikaonyesha saratani ya koo, akawa anaishi kwa uji wa kijiko, akatania kwamba hatimaye naye ameandikishwa shule. Tarehe 8 Julai mwaka huu wa 2025, kamati ya shule, ambayo mwenyekiti wake tunamwona pale mbele, ilimletea shemeji mbao nane atengeneze mlango mpya wa jiko, wenye kufuli, kwa maelezo kwamba wachelewaji wamezidi. Shemeji aliziegemeza ukutani asizikate. Dada aliziona dirishani, akauliza ni za nini, na shemeji hajui kudanganya. Baada ya hapo, asubuhi na jioni, alituuliza swali moja tu, "Ameshazikata?" Alifariki Alhamisi tarehe 24 Julai, saa nne asubuhi, wodi namba tatu ya hospitali kuu, mbao zikiwa bado zimeegemea ukuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliopika na kufagia kwetu tangu Alhamisi, walimu wenzake waliokuja kwa zamu kumsomea madaftari ya wanafunzi, na mpishi wa shule, ambaye asubuhi iliyofuata msiba aligawa uji kwanza ndipo akaja kulia.

Kwa kamati tunasema hivi. Ijumaa shemeji alizikata zile mbao, akazipiga randa, akazipigilia mwenyewe, bila msaidizi, na jeneza lililo mbele yenu ndilo hizo nane zote, haukubaki hata ubao mmoja. Tunaomba radhi, lakini hatutazirudisha. Kesho ni Jumatatu, wako watoto watakaochelewa.

Pumzika kwa amani, Mwalimu Sufuria, mlango unaondoka nao.