Dada Aliyekula Ili Asiwaudhi Mawifi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Mama Breki, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1976, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, akaendelea hadi kidato cha nne, kisha akawa mwalimu wa udereva hadi mwisho wa uhai wake, mguu juu ya breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu, na baadhi ya madereva waliotuleta hapa ni wanafunzi wake.

Alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1999, akajaliwa binti na mvulana. Figo zake ziliposhindwa kazi, mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alimpa moja ya zake tarehe 6 Februari 2017, na tangu hapo akawa anameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni, dawa ambazo pia zilimshusha kinga, kiasi kwamba bakteria wa kumharisha mtu mwingine siku mbili tatu wangeweza kumuua yeye. Ndiyo maana alitembea na chakula alichopika mwenyewe ndani ya hotpoti yake, na ukweni wakasema anaringa.

Jumamosi ya tarehe 17 Juni 2023, kwenye sherehe ya huko ukweni, wifi yake mkubwa alimwambia mbele ya wageni, "Kama chakula chetu ni uchafu, wifi, si ungebaki kwako?" Dada akacheka, akasukuma hotpoti chini ya kiti, akala kuku aliyekuwa bado mwekundu mfupani. Waliokula naye waliharisha, wakataniana kwenye simu, wakapona. Yeye alipandwa na homa. Kwenye zahanati alieleza habari ya figo na dawa zake, akajibiwa, "Wenzako wamepona, mama, na wewe utapona," akarudishwa nyumbani na vidonge vya kufunga tumbo. Alipofikishwa hospitali, bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu, na Alhamisi ya tarehe 29 Juni alitutoka, akiwa bado anamsihi mumewe asigombane na dada zake.

Tumeombwa tuseme kwamba aliugua ghafla. Hakuugua ghafla, na hatutasema hivyo.

Tunawashukuru madaktari wa wodini waliohangaika naye mpaka mwisho, muuguzi aliyekuwa wa kwanza kumsikiliza, majirani waliofua mashuka yake bila kuziba pua, na walimu wenzake waliofunga chuo leo ili wambebe. Wengine mnajijua, nanyi tunawashukuru kwa kuja.

Lala, dada. Hakuna tena wa kukulazimisha.