Bao la Mpira wa Kurusha

Bajaji ilipotoka uwanjani, Ritha alikuwa amekaa katikati ya wanaume wawili wasiojuana, na kwa kuwa walikuwa wanabishana, ilimbidi aegemee nyuma ili maneno yapite.

"Binti yangu Yasmini aliotea, mzee wangu," alisema Alphonce. "Kasimama peke yake na kipa, kibendera kikapanda, bao likakataliwa, shule yao imetolewa. Nikamsema palepale mbele ya wenzake. Kavua njumu zake, kampa mwenzake, kasema hachezi tena."

"Mpira ule ulirushwa kwa mikono kutoka nje," alisema Mzee Gervasi. "Wa kurusha hauna kuotea. Hata akiupokea mbele ya mabeki wote ni halali. Mshika kibendera ndiye aliyekosea."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema, mkaniita mlevi."

Ritha alivuta pumzi kidogo. Harufu ilikuwepo, ila ndogo.

Bajaji ilipoingia mtaa wa Kasingirima, Alphonce alimgeukia tena. "Lakini mzee, yeye si angejitetea?"

"Kwako wewe, ulivyokuwa unafoka?"

Bajaji ikasimama mbele ya nyumba ya Alphonce. Yasmini alikuwa bombani, bado na jezi mwilini. Alipomwona baba yake, aliiacha ndoo ikijaa, akaingia ndani.

"Mzee, shuka basi umweleze wewe," alisema Alphonce kwa sauti ya chini.

"Mimi naenda Katonga, mwanangu."

Dereva alizima injini. Alphonce akabaki ameketi, akiangalia ndoo inavyofurika.