Fundi Basi Lete Aweka Dau la Hoteli

Jumamosi, tarehe 12 Novemba mwaka 2016, saa nne kasorobo asubuhi, fundi cherehani ambaye jina lake kamili, kwa mujibu wa kijiwe, ni Fundi Basi Lete wa Mlango wa Buluu, alitoka dukani mwake na simu mkononi akaketi kwenye benchi, uso wake ukiwa wa mzazi aliyeitwa shuleni kwa utundu wa mwanawe. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali baina ya mlango wake na mlango wa kinyozi. Kivuli chake ni bati la kinyozi, na kahawa yake huletwa na muuza kahawa asikilizaye kuliko auzavyo. Walikuwepo wale wa siku zote: kinyozi mwenyewe, aitwaye Nimesikia kwa kuwa hajapata kuanza habari kwa neno jingine, dereva wa teksi, Njia Fupi, ambaye njia zake fupi zimewachelewesha watu wengi harusini, na mama muuza mitumba, Bei ya Mwisho, ambaye akiishika bei ya mtu huiachia ikiwa imekonda. Fundi alikuwa kinyume chake. Kila mteja alijua kwamba ukitaja kiasi chochote na kuinamisha kichwa kidogo, Fundi atashusha pumzi, atasema "basi lete," na suruali itashonwa.

Shida yake asubuhi hiyo ilikuwa hii. Tarehe 26 ya mwezi huohuo binti yao wa pili alikuwa anahitimu chuo jijini, mwendo wa saa nne kwa basi. Safari zote za huko, za hospitali na za misiba, Fundi na mkewe walikuwa wakilala sebuleni kwa mdogo wake Fundi, juu ya godoro lisilotandikwa mpaka mwenye nyumba amalize kutazama taarifa ya habari ya mwisho. Safari hii mkewe alisema hapana, na Fundi, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akaahidi hoteli. Mkewe akampa muda hadi saa sita mchana wa siku ile. Ikipita, angempigia simu shemeji yake kuomba godoro, na juu ya ahadi ya mumewe asingesema neno tena, jambo ambalo Fundi aliliogopa kuliko kelele.

— Binti kaniwekea kitu humu, alisema Fundi akiinua simu. Unaandika bei unayotaka wewe. Hoteli ikikubali, pesa inakatwa hapohapo. Ikikataa, unaongeza dau. Nafasi tatu tu. Ya tatu ikikataliwa, mpaka kesho.

— Hoteli gani? akauliza Njia Fupi.

— Haitajwi. Unaonyeshwa kitanda, nyota tatu na mtaa. Jina unaambiwa ukishalipa.

Vikombe vyote vilisimama hewani.

— Nimesikia, akaanza Nimesikia, wanaficha jina kwa aibu. Mtu mzima akiuza kochi lake, atatangaza? Chumba mlango wa mbele wanakitoa kwa elfu mia mbili, huku dirisha la nyuma kinatoka kwa nusu. Yule aliyelipa mbele akijua, patakalika hapo?

— Leo umeongea kitu, akasema Bei ya Mwisho.

— Sijamaliza, mama. Nimesikia pia kwamba chumba kisipolaliwa siku tatu kinanuna. Kitasa kinagoma, maji yanatoka ya kutu. Kwa hiyo wanatafuta watu wa kukipasha joto. Ukiangalia vizuri, Fundi, wewe ndiye unayetakiwa kulipwa.

— Acha hizo bwana, akasema Njia Fupi. Mimi nashusha wageni mahotelini kila siku, nazijua. Hiyo hoteli haipo. Unalipa kwanza, ndipo wanaanza kujenga. Ndiyo maana wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

— Na hiki kitanda cha kwenye picha?

— Kitanda kipo. Kitanda kimoja, hoteli zote. Kinazungushwa kwa lori.

Fundi alikitazama kitanda kile kwa mashaka mapya. Muuza kahawa akauliza kama lori hilo hupita na huku. Njia Fupi akamjibu kwamba barabara za huku ni mbovu, shuka zingechafuka.

— Na wewe uombe siku mbili tu, Nimesikia akaendelea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukizidisha watakutoa nje ukafyeke bustani ya hoteli.

— Lete hiyo simu, akasema Bei ya Mwisho. Nyie mnapiga soga, mwenzenu mke kampa saa. Wenyewe wanasema bei ya kawaida ngapi?

— Mia mbili.

— Andika hamsini.

Fundi alisogeza kidole mbali na kioo.

— Hamsini si matusi hayo, mama?

— Bei ya kwanza ni salamu, mwanangu. Ulishaona mtu kakasirika kwa kusalimiwa?

Fundi akaandika hamsini kwa kidole kilichokuwa kikiomba radhi. Jibu lilikuja kabla hajarudisha mkono: dau halijakubaliwa, zimebaki nafasi mbili.

— Kanuna, akasema Nimesikia.

— Nani?

— Aliyemo. Nimesikia ni mtu mmoja tu, kakaa chini ya ghorofa na simu mia nne, anazijibia hoteli za dunia nzima. Leo Jumamosi, kaitwa kazini hata chai hajanywa. Ndiyo hasira hizo.

Maskini Fundi, huruma ikamwingia papo hapo.

— Basi tumwongezee. Naye ana watoto.

— Umwongezee nini, wewe? akafoka Bei ya Mwisho. Kakushikia kisu? Andika sitini, na usimtazame usoni.

Sitini nayo ikakataliwa. Njia Fupi akashauri nafasi ya mwisho itumike upesi kabla mwenye simu mia nne hajaenda kula, kwani haraka haraka haina baraka. Alipoambiwa kwamba methali hiyo inasema kinyume cha anachotaka, akajibu kuwa yeye huisoma akiwa ndani ya gari, na ndani ya gari mambo hubadilika. Lakini Bei ya Mwisho alikwisha kusimama, akijifunga khanga kiunoni kama mtu anayeingia kwenye kazi yake rasmi.

— Sasa tunaondoka.

— Tunakwenda wapi?

— Fundi, umri wote huo hujui kuondoka? Bei ikigoma unageuka unaenda zako. Unafika duka la tatu, unasikia nyuma: mama, njoo, njoo tuzungumze. Asiyeondoka haitwi.

— Hii ni simu, dada, akasema Njia Fupi.

— Kwani simu haisikii? Ukiongea na shangazi yako inamfikishiaje?

Simu ikawekwa juu ya benchi, kioo kikitazama juu ili ishuhudie, na muuza kahawa akaachiwa ailinde bila kuikodolea macho. Wote wanne wakaanza kutembea kuelekea duka la vifaa vya ujenzi, polepole, kama watu wenye hoteli nyingi za kuchagua.

— Twendeni kule kwingine, akasema Bei ya Mwisho kwa sauti ya sokoni. Kule kuna na maji ya moto.

— Nimesikia wanatoa sabuni mbili, akadakia Nimesikia. Moja ya mkono, moja ya mguu.

Njia Fupi alifungua mlango wa teksi yake na kuubamiza, ili ijulikane kwamba usafiri upo. Walikuwa wamefika kwenye marundo ya saruji simu ilipolia. Walirudi mbio, lakini mbio za heshima, za watu wanaojifanya wamesahau kitu. Kwenye kioo paliandikwa: watu watatu wanatazama chumba hiki sasa hivi.

Njia Fupi alihesabu kwa kidole.

— Watatu. Ni sisi. Inatuona.

— Sisi ni wanne, akasema Fundi.

— Wewe haikukuhesabu. Imeshakujua.

— Imeanza kulegea, Bei ya Mwisho akatoa uamuzi. Tuondoke tena, mara hii mpaka kona. Fundi, usigeuke hata ukisikia inalia.

Saa ya ukutani kwa kinyozi ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Fundi alisingizia mguu akabaki. Wenzake walikwenda wakisifia hoteli isiyokuwepo, yenye ngazi inayotembea yenyewe, na sauti zao zikafifia. Akaishika simu. Shuka la kile kitanda lilikuwa jeupe, limekunjwa pembeni kwa ustadi, kama kola iliyopigwa pasi na mtu anayeipenda kazi yake. Na Fundi akamwona mkewe amekaa ukingoni pake, amevua viatu, hakuna anayemwambia asubiri taarifa ya habari.

Akajiuliza swali ambalo wataalamu wa kijiwe hawakujiuliza: ningekuwa mimi ndiye niliyeko kule chini ya ghorofa, ningeachia wapi? Hamsini ingemkera. Sitini ingemchosha. Lakini ipo bei moja ambayo hata muuzaji mwenye moyo wa jiwe huishiwa nguvu, na Fundi aliijua ilipo, kwa sababu yeye alikwisha kufikishwa hapo na kila mteja wa mtaa mzima. Chumba kisicho na mtu, Jumamosi, adhuhuri inaingia: yeye angesema basi lete kwenye tisini. Akaandika tisini na mbili. Akafumba macho, akabonyeza.

Alipoyafumbua, simu ilikuwa inampongeza, na jina la hoteli limejitokeza, refu, lenye picha ya ghorofa kweli.

Wenzake waliitikia mwito wake kwa mbio zisizo na heshima yoyote. Njia Fupi alilikagua lile jengo katika picha akakiri kuwa huenda walishamaliza kulijenga. Nimesikia akampa Fundi mkono kama mtu aliyepata mtoto.

— Tisini sawa, akasema Bei ya Mwisho. Hiyo mbili ya nini?

— Ya chai yake.

— Mimi ningekichukua kwa sabini, alinung'unika, lakini akaagiza kahawa kwa wote, jambo linalotokea mara chache.

Kahawa ilikuwa bado inamiminwa mke wa Fundi alipokuja, ameshika simu yake tayari kwa kupiga. Huyu mama hakai kijiweni. Benchi zima likajisogeza.

— Shemeji karibu, akasema Nimesikia. Leo una mume.

Fundi akamkabidhi mkewe simu kwa mikono miwili. Mama yule alisoma taratibu, akatazama kitanda, akatazama ghorofa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Fundi alikuwa hajaiona muda mrefu. Kisha akasoma tena.

— Baba watoto, mahafali si tarehe ishirini na sita?

— Ndiyo.

— Na hiki chumba ni cha lini?

Njia Fupi alitazama angani. Nimesikia alifungua kinywa kwa lile neno lake, akakuta kuhusu hilo hajasikia chochote. Muuza kahawa akaanza kupangusa birika.

— Tarehe? akasema Bei ya Mwisho kwa sauti ndogo. Kwani palikuwa na tarehe?

Palikuwa na tarehe. Ilikuwa juu kabisa, juu ya kitanda, mahali ambapo simu hujiandikia siku ya leo yenyewe mpaka mtu aibadilishe. Na watu wazima wanne, waliobishana juu ya bei tangu saa nne kasorobo, hakuna hata mmoja aliyeigusa. Kuingia: leo, kuanzia saa nane mchana. Kutoka: kesho asubuhi. Malipo hayarudishwi.

— Muuzie mtu, akasema Bei ya Mwisho.

— Nani analala jijini leo na hajui pa kulala? Mpigie yule wa simu mia nne, Njia Fupi akashauri. Mwambie umekosea.

— Nimesikia hapokei.

Fundi hakuwasikia. Alikuwa amemtazama mkewe.

— Nisamehe, mama. Mpigie tu mdogo wangu.

— Nitampigia, akasema mkewe. Tarehe ishirini na sita tutalala sebuleni kwake, haina shida. Akamgeukia dereva, simu ya mumewe bado iko mkononi mwake. Njia Fupi, basi la mchana linaondoka saa ngapi?

— Saa saba kamili, shemeji.

— Utatupeleka stendi?

— Sasa hivi. Kuna kichochoro nyuma ya...

— Pita barabara kubwa.

Fundi alisimama.

— Mama watoto, tunakwenda kufanya nini huko? Leo hakuna mgonjwa, hakuna msiba.

— Kulala, akasema mkewe. Tangu unioe sijafika jijini bila jambo la kulilia au la kulipia. Leo naenda kulala. Funga duka.

Na akaenda zake nyumbani kufungasha, kwa hatua za mtu aliyekwisha kuitwa na muuzaji na hana haja ya kugeuka. Duka lilifungwa saa sita na robo, suruali mbili za watu zikiwa bado chini ya sindano.

Siku hizi habari hii husimuliwa na Nimesikia kwa kila anayekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, na huisimulia vibaya. Husema walikaa siku tatu. Walikaa usiku mmoja tu, wa Jumamosi tarehe 12 kuamkia Jumapili tarehe 13, ghorofa ya nne, upande wa barabarani. Husema chumba kilipatikana kwa sabini kutokana na ule mwendo wa kwenda kona. Hayo ni maneno ya Bei ya Mwisho, na bei sahihi ni tisini na mbili. Husema kwamba usiku wa mahafali walilala sebuleni kwa manung'uniko. Walilala sebuleni, ni kweli, lakini mke wa Fundi aliwasimulia wenyeji habari za shuka zile kuanzia taarifa ya habari, mpaka wao wenyewe wakaomba ruhusa wakalale. Kosa kubwa kuliko yote ni kudai kwamba Fundi alikwisha kupanga kila kitu kwa siri ili amshtukize mkewe. Hakupanga. Mwanamume aliyepanga safari hasimami mbele ya watu wa mapokezi waliovaa tai, ameshika mkono wa mkewe, huku yeye ana kandambili miguuni na futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni.