Beseni la Langoni kwa Ndila

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Theta na wenzetu mliotoka Ruiru na Thika, mimi Zacharia, shemeji wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya Ndila Kiilu, ambaye leo tunamlaza kando ya kitalu chake.

Ndila alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Kalimoni, kitinda mimba wa Mzee Mwangangi na Mama Mwongeli, akasoma shule ya msingi papo hapo, akamaliza sekondari mjini Thika mwaka wa 1988, akapata cheti cha kilimo cha bustani, na Januari 1991 akaajiriwa Ruiru katika shamba la Bwana Ratilal, linalokuza maua ya vyungu kwenye grinihausi.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na ndugu yangu Kiilu, fundi wa mitambo katika Eneo la Viwanda Thika, wakajaliwa Mutheu na Dismas, na Kiilu atawaambia kwamba katika nyumba hiyo maua yalinyweshwa kabla ya mwenye nyumba kupewa chai.

Linalofuata, Mzee Kaleli, baba yetu mimi na Kiilu, ameomba mwenyewe lisomwe. Juni 2008 alimtembelea mkaza mwanawe kazini, akitoka moja kwa moja kwenye nyanya zake zilizokuwa zikinyauka, na Ndila, aliyejulikana kwa ukali wa kukanyagisha kila mtu dawa ya kuua vijidudu vya viatuni kwenye beseni la mlangoni, aliona haya kumwambia baba mkwe asafishe viatu, akamkaribisha ndani. Wiki chache baadaye jeraniamu mama, zile ambazo vipandikizi vya shamba zima hukatwa kwazo, zilianza kunyauka kwa ugonjwa ule ule wa nyanya, ulioingia na udongo wa viatu vile. Angeweza kunyamaza, lakini alimwendea Bwana Amar, mwana wa Ratilal na meneja wa shamba, akamweleza kwamba kosa ni lake, akijua kibarua kingeweza kuota nyasi, akaomba grinihausi ile yote ing'olewe na kuchomwa, hata mimea iliyosimama vizuri aliyoilea kwa miaka, ili grinihausi nyingine zipone. Aling'oa kwa mikono yake huku akilia. Nyingine zilipona, kazi za watu zikapona, na Amar, aliye nasi hapa, akamkabidhi vitalu vyote.

Tangu hapo hakumwonea mtu haya, awe askofu au mnunuzi kutoka ng'ambo, na hata hapa nyumbani wengi wenu mmewahi kurudishwa langoni mkanyage dawa kwanza. Tulimtania sana, lakini hatukuwahi kuona jani lake lenye doa.

Alistaafu mwaka wa 2023 figo zilipoanza kumsumbua, na tarehe 3 Februari 2025 akaaga dunia hospitalini Thika, baada ya kuwauliza wauguzi wote kama wamenawa. Tunawashukuru wauguzi hao kwa uvumilivu wao, madaktari, majirani mliotupikia, na familia ya Bwana Ratilal pamoja na wafanyakazi wake.

Asubuhi ya leo beseni liliwekwa langoni kama alivyoagiza, na wa kwanza kulikanyaga alikuwa Mzee Kaleli, akishikwa mkono na Mutheu. Pumzika sasa kwa amani, Ndila, sote tumekanyaga dawa.