Mfuko Nyuma ya Mlango

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza mama yetu, marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha viatu, mtoto wa tatu na mwenye kelele kuliko wote, akasoma mtaani hapohapo hadi kidato cha nne, na mwaka 1982 akaajiriwa kiwandani kuwa opereta wa simu, mwenye sauti ambayo wateja wengine walipiga simu wakiwa hawana shida yoyote, ili waisikie tu.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na fundi mashine wa kiwanda hicho, tuliye naye hapa, wakajaliwa binti mmoja na mtoto wa kiume, ndiye mimi ninayewasomea.

Mwaka 1993 sauti ilianza kukwaruza, wenzake wakamtania kwamba amemeza msumeno, hadi alipoishiwa pumzi simu ikiwa sikioni, na madaktari wakakuta vinyama vimeota kwenye njia ya hewa kwa sababu ya kirusi, vikakwanguliwa, vikaota tena, vikakwanguliwa tena, akahamishiwa stoo, na nyumbani mfuko wenye taulo, ndala na nguo za kulalia ukaning'inia nyuma ya mlango, tayari kwa kulazwa ghafla, naye hakuthubutu kwenda mbali na hospitali. Bintiye alipoolewa mji wa mbali mama hakwenda, wajukuu aliwajua kwa picha, na tuseme ukweli, alikuwa mfungwa ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake alikuwa nao mwenyewe, na ilimuuma sana.

Mwezi Februari 2017 daktari wake wa koo alimshauri apate chanjo ya kirusi hicho, ileile wanayochanjwa wasichana kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, akimweleza wazi kwamba haahidi kumponya, ila kwa baadhi ya wagonjwa imechelewesha vinyama kurudi, basi mama akapanga foleni na wasichana wenye sare za shule, muuguzi akamuuliza mjukuu wake yuko wapi, naye akakunja tu mkono wa blauzi, na mumewe akamtania mwezi mzima kwamba ameanza shule upya.

Baada ya dozi tatu vinyama vilikawia kweli, na Desemba 2018 aliushusha mfuko, akatoa nguo za hospitali, akapakia zawadi, akaenda kwa bintiye wiki tatu nzima, ambako wajukuu waliiga mkwaruzo wa sauti yake mpaka akacheka machozi yakamtoka.

Kwa bahati mbaya, vinyama vingine vilikuwa vimeshateremka mapafuni kabla ya chanjo, vikageuka saratani, na tarehe 11 mwezi huu alifariki hospitalini, mumewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuja mbio kila alipoishiwa pumzi akagonga ukuta, na wenzake wa kiwandani waliokuwa wakimletea umbea stooni asipitwe na kitu.

Jana baba aliurudisha mfuko kutoka wodini, akauning'iniza palepale kwa mazoea, akautazama, halafu akaushusha.

Mama, safari hii huhitaji mfuko. Vuta pumzi, upumzike kwa amani.