Baltazari na Wapagazi Waliokosa Mwenyeji

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto, maharage hayatakimbia. Leo tunamkumbuka Baltazari, fundi simu wa Katandala, aliyetutoka mwezi wa tano akiwa na miaka thelathini na moja. Baltazari, fundi simu. Wengi mlimpelekea simu zilizoingia maji. Kazi yake ya pili mliijua wachache.

Kazi hiyo ilikuwa mchezo wa kompyuta. Msicheke. Ni mchezo wa historia. Kuna ramani ya dunia, kuna falme, vita na biashara, na mchezaji anatawala nchi kuanzia mwaka 1800 hadi 1880. Baltazari alipoufungua mara ya kwanza alitafuta kwao. Akakuta Ufipa ni doa la kijivu. Hakuna jembe, hakuna chumvi, hakuna mtu.

"Yaani sisi hatukuwa tunauziana hata chumvi?" alimwuliza rafiki yake Hamidi, mwenye duka la vipuri jirani.

"Mshikaji, chukua nchi yenye meli, tucheze," Hamidi akamjibu.

Hakuchukua. Aliwaandikia wenye mchezo. Nao wakamjibu: tengeneza biashara ya kwenu. Ikitembea yenyewe miaka yote themanini bila kufa, tutaiingiza. Mwisho tarehe thelathini mwezi wa tano. La sivyo, doa linabaki.

Wasikilizaji wapendwa, Baltazari alikuwa na ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Siku mifupa ikimwuma alijifunika blanketi pale dukani, akaandika kwa mkono mmoja. Aliweka majembe yaliyofuliwa Ufipa. Aliweka chumvi ya bonde la Rukwa. Kisha akaiacha kompyuta icheze yenyewe. Ikifika 1840, biashara inakufa. Bidhaa zote zilikimbilia penye bei kubwa, majembe yakaishia pwani, Wafipa wakabaki kulima kwa vidole. Akarekebisha. Sasa mvua ikinyesha, misafara inapotelea mlimani. Mara ya ishirini, bado 1840.

"Mfalme, raia wako wamekufa tena," Hamidi alimtania.

"Wazike, halafu uniletee chaja."

Jumamosi moja akapanda bodaboda hadi Mollo kwa bibi yake, Silvana. Akamwonyesha ramani. Bibi akaitazama muda mrefu.

"Hawa wanaopanda na chumvi, wanalala wapi?"

"Hawalali, Bibi. Ni mchezo."

"Ndiyo maana wanakufa, mume wangu."

Akamsimulia. Enzi za usichana wake alikuwa akishuka bondeni na ulezi, akipanda na chumvi. Kila kijiji alikuwa na mwenyeji wake. Hupeleki mzigo sokoni moja kwa moja. Unautua kwa mwenyeji, unampa kibaba cha kwanza, naye anakulisha. Yeye ndiye anayekwambia nani anataka chumvi na nani mwizi. Mvua ikizidi, unamwachia mzigo.

"Wangu aliitwa Rosina. Siku moja nikamchanganyia chumvi na mchanga. Miaka mitatu hakunifungulia mlango!"

Baltazari alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akarudi Katandala, akafumua kazi yote. Kila msafara akaupa mwenyeji. Wakiaminiana, biashara inakua. Ukidanganya, mlango unafungwa miaka mitatu. Mwaka 1840 ukapita! Wa 1850 ukapita. Ilipofika 1867, biashara ikafa.

Wiki hiyo alilazwa. Hamidi akamletea kompyuta kitandani. Baltazari akasoma, akasoma tena.

"Wenyeji wamezeeka, wakafa," akasema. "Wamekufa na urafiki wao. Hamidi, andika. Mwenyeji akifa, aliyebaki ndani ya nyumba ampokee mgeni."

"Nitakosea."

"Ukikosea, futa. Andika."

Hamidi akaandika, yeye akimtajia neno kwa neno. Hawakuwahi kuijaribu. Baltazari alifariki tarehe ishirini na sita.

Tarehe ishirini na tisa, baada ya mazishi, Hamidi aliiweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, uani kwa Bibi Silvana. Waombolezaji wakazunguka. Ikafika 1867. Ikapita. Ikafika 1880, na msafara wa chumvi ulikuwa unaingia Mollo. Pale unapotua mzigo, Baltazari alikuwa ameandika jina la mwenyeji: Silvana.

Hamidi aliituma kazi siku hiyohiyo. Imekubaliwa. Doa la kijivu halipo tena.

Bibi Silvana alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na wewe Hamidi," akasema, "ukija Mollo sasa utafikia kwa nani?"

"Kwako, Bibi. Nakuja na chumvi."

"Isiwe na mchanga."

Kwa mzee Alphonce, baba wa marehemu, kwa Bibi Silvana na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mlango ulioufunga siku nyingi kwa sababu ya mchanga kidogo, ufikirie leo. Huenda aliye nje bado amebeba mzigo.