Modesti Nimbona na Kiti Kisicho na Mrithi

Tumsifu Yesu Kristo. Wasifu huu unasomwa na Raymundi, mtoto wa mke wa marehemu.

Mwalimu Modesti Nimbona alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Makamba, Burundi. Alisoma seminari, akakipenda Kilatini kuliko chakula. Mwaka 1972 alikimbia mauaji, akafika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, akiwa na kamusi ya Kilatini ndani ya gunia la maharage. Maharage yaliliwa njiani.

Kuanzia 1979 hadi 2010 alifundisha Kilatini na historia ya Roma katika seminari moja nje ya mji wa Tabora. Wanafunzi wake wanakumbuka somo la viti. Kila mwaka alipanga viti vitatu mbele ya darasa, akakalisha wavulana watatu: mpwa wa Kaisari Augusto na wajukuu wake wawili, ambao kila mmoja kwa wakati wake alitarajiwa kumrithi. Kisha akapita akiwagusa bega. "Umekufa. Toka." Vilipobaki vitupu alimgeukia mvulana wa nne, aliyesimamishwa mlangoni: "Haya, Tiberio, mtoto wa mke, njoo basi." Darasa zima lilikuwa likicheka. Mwaka 1996 aliyesimamishwa mlangoni alikuwa Raymundi, naye alicheka pamoja nao.

Tarehe 9 Juni 1984, parokiani Ulyankulu, marehemu alifunga ndoa na Esperansi, mjane mwenye mtoto wa miaka minne, ndiye huyu Raymundi. Alimlea, akamsomesha, hakumpiga hata siku moja. Walijaliwa Tobias, kisha Flavia. Katika ukoo wao, siku ya kuondoa matanga, atakayeshika nafasi ya baba hutajwa mbele ya ndugu na kuketishwa kwenye kiti cha marehemu. Mwalimu hakutaka kungoja. Alimtaja Tobias siku ya ubatizo wake. Mwaka 2011 Tobias alikufa katika ajali ya lori la tumbaku kule Goweko. Akamtaja Flavia; wazee waliguna kwamba ni mwanamke, lakini hakuwajali. Flavia alifariki mwaka 2018 kwa saratani ya damu. Baada ya hapo hakutaja mtu.

Februari 2023 kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia. Raymundi, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alimhamishia nyumbani kwake Ipuli. Alimwogesha, akamlisha, na kila Jumapili akamwandikia kitabu alichokuwa akitunga juu ya warithi wa Augusto. Walipofika sura ya mwisho marehemu alisema, "Andika: alimchukua Tiberio kwa kuwa wengine wote walikuwa wamekufa."

"Baba, hakumpenda hata kidogo?"

"Wewe andika."

Raymundi aliandika. Aliumia sana, na haoni sababu ya kuwaficha.

Mwezi uliopita Mama Esperansi alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba Tobias, mtaje huyu mtoto. Miaka miwili na nusu anakuogesha. Ukiondoka bila kusema, ndugu hawatamkalisha." Marehemu alimtazama Raymundi kwa muda mrefu, macho yakamjaa machozi, kisha akageukia ukutani. Hatujui alitaka kusema nini. Hatutajua kamwe. Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, alikata roho akiwa ameegemea kifua cha Raymundi.

Orodha ya aliowaacha aliitaja mwenyewe mwezi Agosti, na Raymundi ndiye aliyeshika kalamu. Ndugu walishauri irekebishwe kabla ya kuchapwa, lakini Raymundi alikataa. Inasomeka hivi: "Modesti ameacha mjane, Esperansi, na dada mmoja, Nibizi, aliyeko Makamba. Watoto wake wote wametangulia."

Mungu ampe pumziko la amani Modesti Nimbona, baba yake Raymundi.